Amri Zisizotolewa

Kisu kilikuwa kikienda, na maneno yalikuwa yakidondoka. Yalianguka kwenye mapaja ya Mama Mianzi yakiwa yamejikunja, weusi wa wino ukiwa bado mgongoni mwao, na upepo wa asubuhi uliotoka kwenye madimbwi ukayasukuma polepole hadi mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda tangu ukungu haujainuka. Kila kibanzi alikilaza juu ya goti lililofungwa ngozi, akapitisha kisu mara tatu: mara ya kwanza kuondoa wino, mara ya pili kuondoa kivuli cha wino, mara ya tatu kuulainisha mwanzi wenyewe ili uweze kupokea maneno mengine.

"Jitahidi kidogo, mama," alisema Karani Qiao, akiwa amesimama kando ya rukwama. "Bwana liwali anataka vibanzi elfu mbili kabla mwezi haujaandama."

"Kisu hakijui haraka, karani. Ukikiharakisha kinaula mwanzi."

"Basi kiambie anayekihimiza ni liwali mpya."

"Nitakiambia. Kama kitasikia."

Mzee Tui, mkokota rukwama, alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo.

Matita yalikuwa sitini na matatu. Karani aliyahesabu kwa sauti, akaiandika idadi kwenye kibanzi alichokichomeka mshipini. Yalikuwa maandishi yote ya Mzee Luan, liwali aliyefariki katikati ya joto, mchana kweupe, akiwa amesinzia kwenye kiti chake cha ukindu. Waliomkuta walisema walimwamkia mara mbili kabla ya kugundua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameutawala mji wa Liangqu, na sasa maneno yake yalikuwa yanaparuliwa ili mianzi itumike tena. Liwali mpya, Bwana Zhai, alitaka sheria za dola ziandikwe na kutundikwa kwenye malango yote, sokoni, kivukoni na kwenye kila kisima, asiwepo mtu wa kusema hakujua.

Mama Mianzi hakujua kusoma. Watu walizoea kumtania kwa hilo: mwanamke aliyegusa kila neno la mji huu kwa miaka kumi na moja, kabla halijawa neno, na asijue hata moja. Yeye alijua mianzi. Alijua upande wa kilima ambako mwanzi hukua taratibu ukawa mgumu. Alijua kuupasua kwa pigo moja, kuulaza juu ya makaa mpaka utoe jasho lake la kijani, kulifuta jasho hilo kwa kitambaa, kisha kuuacha darini mpaka uache kunuka mvua. Kibanzi ambacho hakikutoa jasho huliwa na wadudu, na maneno ya mtu huliwa pamoja nacho.

Siku ya tatu, alipofungua tita la arobaini na kitu, mikono yake ikasimama.

Lilikuwa tita dogo, na vibanzi vyake vilikuwa vibaya. Kimoja kilikuwa na fundo katikati. Kingine kimepinda kama ukucha wa mzee. Kingine kiliungua ncha siku ile aliyougua homa akasahau makaa. Alivitambua vyote isipokuwa kimoja, cha zamani kuliko vingine, kama mtu anavyotambua makovu yake mwenyewe. Hivi ni vile alivyovikataa karani, kimoja kimoja, miaka yote ile, na Mzee Luan akawa anakuja kuvichukua. Alikuja alasiri, baada ya usingizi wake, joho wazi kifuani, uso bado una alama za ukindu.

"Una kibaya leo?"

"Ninacho, bwana, lakini kina fundo."

"Ndicho hicho. Vizuri mpe karani. Karani ana mambo ya maana ya kuandika."

Kisha angeketi juu ya rundo la mianzi, akanywa maji ya moto, wakazungumzia mvua, au wasizungumze kabisa. Hakuwahi kumwuliza jina. Hakuwahi kumwuliza ametoka wapi. Mji nao ukafuata mfano wa liwali wake, ukambandika jina la kazi yake, yakaisha.

Mwandiko wa tita hili haukuwa wa karani. Ulikuwa mdogo na mlegevu, herufi zikiegemeana kama watu wanaosinzia benchini. Mama Mianzi aliweka kisu juu ya kibanzi cha kwanza. Akangoja. Kisu hakikwenda. Hivi havifai kwa sheria, alijiambia, karani atavikataa tena kama alivyovikataa mwanzo. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Akalikunja tita, akalichomeka katikati ya mianzi mibichi iliyokuwa ikingoja kupasuliwa, akavuta lililofuata.

*

Zama zile dola zilikuwa nyingi, kila moja ikiiogopa mwenzake, na barabara zilijaa watu wenye elimu waliotembea kutoka kwa mfalme huyu hadi kwa yule wakinadi namna ya kutawala. Wengi walipitia Liangqu kwa sababu ya kivuko. Wakingoja mashua walikula mboga za chumvi kwa Bibi Ruan, ambaye mitungi yake ilipangwa ubavuni mwa kibanda cha mianzi, na Bibi Ruan aliwajua kwa ulaji wao.

"Yule anayesema mtawala awapende watu wote sawasawa, wake na wa mwenzake," alieleza, mkono mmoja ukiwa ndani ya mtungi mpaka kiwikoni, "ana malengelenge miguuni, anakula wima, na akimaliza anaosha bakuli. Yule anayesema kila mtu akae mahali pake na adabu zake, huyo hagusi chakula mpaka mkeka unyooke."

"Na wa sheria?" aliuliza Mzee Tui.

"Wa sheria analipima bakuli lake kwa vidole, halafu anapima la jirani."

"Na wetu aliyelala?"

Bibi Ruan alikoroga mtungini. "Yule alikuwa anasahau kama amekula. Nilimpa mara mbili, akashukuru mara mbili."

Walicheka, kisha kicheko kikazama kama jiwe dimbwini. Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu Bwana Zhai aingie mjini, na zilikuwa na amri arobaini. Nguruwe wafungwe. Visima vifunikwe. Anayegombana sokoni alipe siku mbili za kazi.

"Lakini tuseme ukweli," Bibi Ruan aliongeza, akitoa mkono mtungini na kuukung'uta, "kipimo cha nafaka sasa ni kimoja. Mwaka jana muuza mtama alikuwa na viwili, cha kununulia na cha kuuzia, na mzee wa watu analala tu. Unasemaje, Mama Mianzi?"

"Sisemi kitu."

"Wewe husemi kitu tangu ufike."

Hakusema kwa sababu amri ya thelathini na nane aliisikia ikisomwa sokoni kwa masikio yake: wasio na kibali warudishwe walikotoka. Aliisikia, akaenda kupasua mianzi.

Alikotoka kulikuwa ng'ambo ya milima ya magharibi. Huko nyumba zilifungwa pamoja tano tano, na mmoja akikosa, tano hujibu. Kijana wa jirani alitoroka jeshini. Mume wa Mama Mianzi alipelekwa kujenga ukuta wa mpakani, na baada ya miezi mitatu ulirudi mshipi wake peke yake, umekunjwa vizuri. Kisha jina la mjane likasomwa kwenye orodha ya wanawake wa kupelekwa kwenye mabanda ya ufumaji ya mfalme, ambako watu huingia na hawatoki. Alitembea siku tisa. Siku ya nne viatu vilikwisha. Kwa muda mrefu baadaye, akifumba macho, alikuwa akiona njia ile ikiendelea mbele yake, nyeupe, kana kwamba sehemu yake moja haikuwahi kufika.

*

Mwezi ulipokaribia kuandama, Karani Qiao alikuja kuchukua vibanzi. Alihesabu kamba zilizofungia matita ya zamani, akahesabu tena, uso ukabadilika rangi. Kamba zilikuwa sitini na mbili. Hakumwuliza Mama Mianzi. Haikumjia akilini kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kutamani maandishi. Mwenye dhamana ya mzigo ni anayeukokota.

Habari ililetwa na Bibi Ruan, mbio, chumvi ikiwa bado mikononi.

"Wamemfunga Tui! Kwenye nguzo ya ngoma! Wanasema amepoteza hati ya serikali, na adhabu yake ni kuchanjwa uso kwa wino!"

Mama Mianzi aliweka chini kisu. Wino wa kwenye mwanzi aliujua, unaondoka kwa mikwaruzo mitatu. Wino wa usoni hakuna kisu cha kuuondoa. Aliinuka, akaingiza mkono katikati ya mianzi mibichi, akatoa tita.

Bibi Ruan alilitazama, akamtazama yeye. "Wee! Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lichome! Jiko langu hilo hapo linawaka. Lichome upesi, wamchanje Tui, uso wake ulishaharibika zamani." Kisha akajifunika mdomo kwa mkono wa chumvi. "Usinisikilize. Usinisikilize, mwanangu. Nenda."

Barazani watu walikuwa wameshajaa. Bwana Zhai alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mikono ya joho imefungwa kwa uzi ili isiburure kwenye wino. Alikuwa na sura ya mtu asiyelala vizuri.

"Nani huyu?"

"Mama Mianzi, bwana," alijibu karani.

"Nimeuliza jina lake."

"Ndilo tunalomwita, bwana."

Mama Mianzi alipiga magoti, akaliweka tita sakafuni. "Mzee Tui hakupoteza kitu, bwana liwali. Nililificha mimi."

"Kwa nini?"

Alifikiri. Alitaka kusema kweli, na kweli ilikuwa ndogo mno. "Mkono ulikataa, bwana."

"Sheria haina mahali pa mkono uliokataa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyetafuta mahali hapo rafuni asipaone. "Mna nini ndani?"

"Sijui kusoma."

"Umeuhatarisha uso wako kwa kitu usichokijua?"

"Ndiyo, bwana."

Bwana Zhai alimwashiria karani. Qiao akalikunjua tita, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake bapa ya kusomea amri.

"Mwezi wa tatu. Nilitaka kuamuru daraja la mashariki libomolewe, lijengwe jipya. Nikaenda kulitazama. Wanawake wanafulia chini yake, na mmoja alikuwa anaimba. Nikarudi."

Watu walitazamana.

"Mwezi wa tano. Nilitaka kumchapa mwizi wa bata. Mama yake akaja na bata wawili kuniomba radhi. Mmoja ni wangu mimi. Nimenyamaza."

Kicheko kililipuka upande wa nyuma. Muuza kuni mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alianza kuvitazama vidole vya miguu yake.

"Mwezi wa tisa. Barua kutoka makao makuu. Wanataka vijana hamsini zaidi wa kujenga kasri. Nilianza kuandika majina, nikafika jina la saba. Nimejibu kwamba mto umejaa na njia imefungwa. Mto haukujaa."

Hakuna aliyecheka. Bibi Ruan, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliketi chini taratibu pale pale kwenye kizingiti. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule wa kasri. Nje, vumbi la alasiri lilielea kwenye mwanga, na kila mtu alionekana kama anasikiliza mtu aliyelala akiongea ndotoni, akijua siri za nyumba zote.

"Mwezi wa nane. Nilitaka kuamuru ukuta wa mto uongezwe upande wa magharibi. Watu wamechoka na mavuno. Nikasema mwakani." Karani akageuza kibanzi. "Mwezi wa saba. Maji yameingia magharibi. Watoto watatu. Amri hii ilipaswa kutolewa."

Mahali fulani katikati ya watu mwanamke alivuta pumzi na hakuitoa. Bwana Zhai alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya meza.

"Mwezi wa kumi," Qiao aliendelea. "Mwanamke ameingia kwa lango la magharibi, miguu inatoka damu, kiunoni ana kisu cha kupasulia mianzi. Hana kibali. Sheria inataka arudishwe alikotoka. Nilichovya brashi. Nikamwona anaitazama mianzi ya nyuma ya ghala kama mtu aliyewakuta ndugu zake. Wino umekauka. Isitoshe, tunahitaji vibanzi."

Kinywa cha karani kilikuwa kimeshamaliza ndipo akili yake ikafika. Alinyanyua macho. Watu wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja.

Mzee Luan hakuandika jina. Angeweza kukana. Wanawake walioingia Liangqu kwa miguu yenye damu hawakuwa wachache miaka ile.

"Ni wewe?" aliuliza Bwana Zhai.

"Ni mimi, bwana."

Liwali aliyasugua macho kwa vidole viwili.

"La kwanza," alisema hatimaye. "Hati ya serikali ni yenye amri, au hesabu, au hukumu. Hii haina hata kimoja. Ina amri ambazo hazikutolewa, na amri isiyotolewa si amri. Kwa hiyo matita yalikuwa sitini na mawili tangu mwanzo, na karani alihesabu vibaya. Mfungueni mzee."

Karani Qiao aligusa kile kibanzi cha idadi mshipini mwake, akaondoa mkono.

"La pili ni zito. Amri ya vibali nimeitoa mimi. Imetundikwa mpaka visimani. Nikikuacha kwa sababu nimekuonea huruma, kesho nitamwonea huruma rafiki yangu, keshokutwa binamu yangu, na mtondogoo watu wa Liangqu wataanza kuuliza nani anajuana na liwali." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana."

"Utaandaa kibanzi cha kuandikia amri yako. Kesho asubuhi nitakuja kukichukua mwenyewe."

*

Mama Mianzi angeweza kumpa liwali kibanzi chochote. Darini kulikuwa na vibanzi vibichi ambavyo vingeanza kutobolewa na wadudu kabla ya majira ya baridi. Alishusha mwanzi wa kilima cha kaskazini aliokuwa ameuhifadhi miaka miwili bila kujua anauhifadhia nini. Akaupasua. Akaupitisha kisu hata ukang'aa hafifu, kama maji yanavyong'aa kabla jua halijatoka.

Bwana Zhai alikuja peke yake, ukungu ukiwa bado umekaa njiani, hata viatu vyake vikatangulia kuonekana kabla ya uso. Alitafuta pa kuketi, akaketi juu ya rundo la mianzi. Mama Mianzi alimpa maji ya moto. Kwa muda walisikiliza bata wasioonekana.

"Sema unalotaka kusema," alisema liwali. "Hapa si barazani."

"Kule kwetu, bwana, sheria ndiyo iliyomla mume wangu. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Kwenye mianzi mizuri."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo. "Kwetu haikuwepo iliyoandikwa. Kulikuwa na liwali mwema tu, kama huyu wenu. Akafa, akaja mwanawe. Baba yangu alikwenda kumwambia, marehemu baba yako hakufanya hivi. Yule kijana akamwuliza: imeandikwa wapi?" Alilizungusha bakuli mkononi. "Nilikuwa na miaka minane. Baba hakurudi kutoka kule barazani. Ndiyo maana natundika sheria kila mahali, mama. Watu wananicheka, najua. Hata kwenye visima."

"Hawacheki kipimo cha nafaka."

Alitabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Ulikuwa na raha hapa? Wakati wake?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Sikukuuliza hivyo."

Mama Mianzi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kibanzi, akitafuta mwiba ambao haukuwepo. Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kujiuliza, na jibu lilikuwa limekaa tayari.

"Miaka kumi na moja nalala na viatu, bwana."

"Ili ukimbie."

"Ili nisikimbie peku tena."

Ukungu ulianza kupasuka juu ya madimbwi, vipande vyake vikapita mlangoni kama watu wasio na haraka. Liwali alinyoosha mkono. Mama Mianzi akampa kibanzi. Naye akakipima, akakipeleka kwenye mwanga.

"Hiki ni kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuniletea. Kwa nini kizuri, kwa amri kama hii?"

"Maneno yakishaandikwa, bwana, afadhali yasiliwe na wadudu."

Alisimama, akakiingiza ndani ya joho. Mlangoni akageuka nusu. "Kuna sheria ya kuhesabu watu. Hufanywa mwezi wa nane. Inasema waandikwe wote watakaokutwa ndani ya ukuta siku ya hesabu, na aliyeandikwa ana kibali. Haiulizi waliingiaje. Nimeisoma alfajiri hii mara kumi. Sijui aliyeitunga alisahau, au hakusahau."

Akaondoka. Mama Mianzi hakuelewa alichoambiwa. Alifagia maganda, akafunga nguo zake za pili kwenye kitambaa, akaketi kigodani kungoja askari.

Ilikuja ngoma badala yake. Adhuhuri sauti ya mpiga mbiu ilizunguka mitaa yote: hesabu ya watu, leo, sokoni, kila nyumba, hakuna kutoka nje ya ukuta mpaka iishe.

"Lakini bwana," Karani Qiao alisikika akilalamika mezani, brashi tatu masikioni, "kila mwaka tunafanya mwisho wa mwezi!"

"Sheria inasema mwezi wa nane. Mwezi umeandama jana."

"Na huyu... huyu tunayemjua? Makao makuu wakiuliza?"

"Waandikie unachokijua. Nami nitawaandikia ninachokijua. Barua mbili zikifika pamoja, watachagua moja." Bwana Zhai hakuinua macho. "Na hesabu vizuri safari hii."

Foleni ilikwenda polepole kama mafuta. Wafinyanzi, wavuvi wa kambare, wajane, Mzee Tui akiusugua uso wake mzima mzima kana kwamba ndiyo kwanza amepewa. Zamu yake ilipofika, Mama Mianzi aliona kibanzi cha kilima cha kaskazini kimelazwa mbele ya karani, kitupu.

"Jina?"

"Mama Mianzi huyo!" mtu alipaza sauti nyuma, watu wakacheka kwa wema.

"Alilopewa na mama yake," alisema Bwana Zhai.

Kwa miaka kumi na moja Mama Mianzi hakuwa amelisema hata kwa maji ya kunawia, kwa hofu kwamba lingesikika ng'ambo ya milima. Alilitafuta kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu. Akalikuta.

"Dai Qin."

"Sauti, mama."

"Dai Qin."

Karani aliandika. Wino uliingia kwenye mwanzi bila kutambaa, ukatulia pale ulipowekwa. Alama mbili. Alizitazama mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana.

"Lipi ni Dai?"

Qiao alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Kisha, kwa ncha ya brashi, akaonyesha. "Hili. Na hili ndilo Qin." Akaongeza, akirudia ile sauti yake bapa: "Kazi, vibanzi. Wajibu, siku kumi kila mwaka kwenye ukuta wa mto, kama kila mtu. Anayefuata!"

*

Wajibu wenyewe ulianza baada ya mavuno, upande wa magharibi, kwenye udongo wa mfinyanzi uliovuta miguu kama unaoomba jambo. Barua zile mbili zilizokwenda makao makuu zilikuwa hazijajibiwa. Watu walipanda na vikapu kutoka bondeni, wakamwaga, wakashuka, na ukungu wa mto ulikuwa mzito kiasi kwamba aliyekuwa hatua kumi mbele yako alikuwa mgongo tu, na wa hatua ishirini alikuwa mlio wa kikapu. Mtu alianza wimbo chini. Mwingine akaudaka juu, akakosea maneno, wakamzomea.

Mama Mianzi alikuwa amefika nusu ya mteremko, kikapu begani, alipokisikia kikosi cha mbele kikipokezana mwito, sauti moja ikiipa nyingine, kutoka juu ya ukuta kushuka bondeni.

"Dai Qin! Yuko wapi Dai Qin?"

Akasogea pembeni kumpisha mwanamke aliyeitwa apite. Aligeuka, akaangalia chini kwenye weupe, akitafuta ni nani anayeitwa.